King'ora Kikilia Nafula Akiwa Shuleni

Kanada, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa chini, si umesimama kando ya jiko na mwiko mkononi, maana nakujua. Goti linasemaje? Barasa ananiambia siku hizi unatembea vizuri hadi sokoni, lakini kaka yangu huyo kwake kila kitu ni vizuri, hata gari lake likiwa limekwama matopeni huko Kiamunyi. Nieleze mwenyewe. Na mahindi je? Nimesikia mvua imewachezea hapo Rongai, ikanyesha bila kipimo wakati wa palizi, kisha ikapotea mahindi yalipoanza kuchanua. Na Nafula wangu, bado anakushinda kwa maneno? Mimi ni mzima. Vidole vinapasuka kwa baridi na kunawa kila dakika kule kazini, lakini ule mkebe wa mafuta uliompa binti wa mchungaji aniletee bado upo. Nayapaka kwa ncha ya kidole nisiyamalize, kwa sababu yana harufu ya nyumba yako.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ulinikatia. Usikatae, Mama, ulinikatia, na kesho yake ukasema ni chaji. Chaji yako haijawahi kuisha katikati ya habari za watu wengine. Barua hii naipa mama mmoja wa kanisani kwetu anayekuja Nakuru kumwona babake, naye ataiacha kwa Barasa. Isome mwenyewe na miwani yako. Usimpe Barasa akusomee, maana yeye ndiye aliyetuingiza kwenye shida hii.

Tuanzie hapo. Unajua nilivyolia kwa furaha karatasi za Nafula za kuja huku zilipotoka. Miaka mitano, Mama. Nilimwacha ana mitatu, ameshika leso yako, na sasa ana minane na mimi ni sauti ya kwenye simu. Siku hiyohiyo nikamtumia Barasa picha za nyumba yangu ndogo, aone mahali mtoto atalala. Katika picha moja, juu ya friji, kulikuwa na kisanduku cha vidonge na karatasi ya maagizo. Barasa akaikuza picha kwa vidole, akasoma nusu, na badala ya kuniuliza mimi akakimbilia kwako: "Mathe, huko kwa Nekesa watu wanapewa dawa ya bomu. Wanaweka tu kwa nyumba, kama dawa ya kichwa."

Ndipo ukanipigia. Nikakueleza kwamba kilomita chache kutoka nyumba ya wazee ninamofanya kazi, kando ya ziwa, kuna kituo kinachotengeneza umeme kwa nyuklia. Kwamba kipo miaka mingi, na watu wanaishi, wanaoana, wanazeeka hapa. Kwamba tunapewa vidonge na kufanyishwa mazoezi ya king'ora ili siku mambo yakiharibika kila mtu ajue la kufanya. Ulisikiliza vizuri, nikadhani tumemaliza. Kisha ukauliza swali moja.

"Sasa Nekesa, hiyo king'ora ikilia na mtoto ako shule, utamkimbilia?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza wewe. Utamkimbilia ama hutamkimbilia?"

"Mama, huku mambo ya shule wamepanga..."

"Mimi sijauliza ya shule. Basi mtoto haendi popote. Atakaa hapa na mimi kukhu wake, bibi yake."

Na chaji ikaisha.

Swali lako nitalijibu, sitalikwepa. Lakini acha kwanza nikusimulie aibu niliyoipata mwaka wa kwanza, ambayo sijawahi kukuambia kwa sababu ningechekwa Rongai nzima. Makosa yalikuwa yangu, ila mafunzo yalikuwa yako.

Wewe ndiye uliyetulea kwamba nduru haisikilizwi ukiwa umeketi. Nduru ikipigwa kwa jirani, mtu anatoka. Kama anaoga anajifunga leso anatoka. Mwenye panga anatoka na panga, asiye na panga anatoka na mwiko. Nakumbuka ulivyoacha ugali motoni ukakimbia na beseni la maji siku nyumba ya Mama Wekesa iliposhika moto, na ugali ukaungua tukalala na chai, na hakuna aliyenung'unika. Na yule asiyetoka, kesho watu wanamuuliza, "Wewe jana ulikuwa wapi?" Asipotoka mara ya pili, watu wanaanza kufikiri pengine mwizi ni yeye.

Basi. Nilikuwa nimefanya kazi miezi miwili. Siku ya kutangaza zoezi mimi nilikuwa mapumzikoni, na karatasi iliyobandikwa ukutani nilikuwa naipita kila siku nikidhani ni ratiba ya chakula. Asubuhi moja, nikiwa napiga deki kwenye korido, king'ora kikalia. Mama, kile kitu kinalia! Kinapanda, kinashuka, kinaingia hadi mifupani. Sikufikiri hata kidogo. Miguu ilikumbuka yenyewe. Nikatoka mbio kwa mlango wa mbele, fagio la kupigia deki mkononi, hadi katikati ya barabara, nikapaza sauti kwa Kiswahili kabisa, "Ni kwa nani? Ni upande gani?"

Hakukuwa na mtu. Barabara nzima, hata paka hakuna. Milango imefungwa, madirisha yanafungwa moja baada ya lingine, mapazia yanashushwa. Nilisimama pale nikaona uchungu kweli. Nikasema, hawa watu ni wa aina gani, nduru inalia na kila mmoja anajifungia?

Nilipogeuka nikaona hayo mengine. Wazee watatu walikuwa wamenifuata. Mbele ni Bibi Agatha, ambaye amepita miaka tisini, na kigari chake cha kushikia, viatu vya ndani miguuni. Mimi ndiye huwaamsha, huwalisha, huwavisha soksi. Nekesa akikimbia, kwao ni kwamba kuna sababu. Nyuma ya kioo, msimamizi wetu, mama mmoja mrefu anayeitwa Linda, alikuwa ananipungia mikono yote miwili. Nikadhani ananiambia niendelee mbele. Nikaendelea mbele.

Kumbe zoezi lilikuwa la kuingia ndani. Huku kitu cha kuogopwa si moto wala mwizi. Ni kama vumbi, lakini halionekani wala halinuki, linapeperushwa na upepo, na kinga ya kwanza ni ukuta na dirisha lililofungwa. Feni zinazovuta hewa ya nje zinazimwa. Watu wanakaa vyumba vya katikati, wanasikiliza redio, wanangoja kuambiwa: bakini, au mezeni vidonge, au tokeni mpande mabasi. Sasa sisi wanne tuliokuwa barabarani tulihesabiwa kuwa tumeshashika hilo vumbi. Mlango wa mbele hatukufunguliwa tena. Tukazungushwa nyuma, tukavuliwa nguo za juu zikatiwa kwenye mifuko ya plastiki na kufungwa, tukaoshwa nywele, tukavishwa mashuka. Bwana mmoja aliyekuja kukagua zoezi alikuwa anaandika tu, hata hacheki. Bibi Agatha akamuuliza, "Kijana, nimekufa?" Akajibiwa, "Hapana, bibi, una vumbi." Akasema, "Basi kama ni vumbi tu, nileteeni chai."

Mimi sikucheka. Niliitwa ofisini. Mama, niliogopa kuliko siku niliyopanda ndege, kwa sababu bila ile kazi karatasi za Nafula zisingesogea hatua moja. Nililia mbele ya Linda hadi nikaona haya. Yeye akanisogezea maji, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Kwenu, sauti kama hiyo ikilia, mnafanya nini?"

Nikamweleza yote. Leso, panga, mwiko, beseni lako. Akasema, "Nekesa, huku anayetoka kwenda kuokoa hafiki na msaada. Anafika na lile vumbi mabegani, analiingiza kwa yule aliyekuwa salama." Nikamuuliza, na aliye peke yake chumbani, amejifungia anaogopa, nani atamjua? Linda akaangalia karatasi zake. Mpango wao ulikuwa na vitasa, feni, tochi, betri za redio, kila kitu. Wazee walikuwa wanahesabiwa kwa kutiwa alama kwenye orodha mlangoni. Haikuandikwa mahali popote kwamba kuna mtu ataita na mtu ataitika.

Sikufukuzwa. Nilifundishwa upya, na mpango ukaongezwa mstari. Siku hizi, milango ikishafungwa, kila mfanyakazi anapita korido yake, anaita kila mzee kwa jina, na haendelei mbele mpaka aitikiwe. Siku ya zoezi lililopita niliita kumi na wanane. Walioshindwa kusema waligonga kitanda. Bibi Agatha aliitika mara mbili, kwa kiburi tu.

Kuhusu vidonge, mwambie Barasa aache kutisha watu. Ni vya iodini, ile ile inayotiwa kwenye chumvi, ila vina nguvu zaidi. Kituo kikivujisha iodini mbaya, vinawahi kujaza tezi ya shingo ili ile mbaya ikifika ikose nafasi. Havizuii kila kitu, sitakudanganya, na havimezwi mpaka watangaze. Vinagawiwa mapema kwa sababu siku ya shida hakuna wa kupanga foleni. Wewe hununua makaa kabla ya mvua, na sijasikia mtu akisema unaita mvua.

Sasa nirudi kwa Nafula. Juma lililopita niliomba ruhusa nikaenda kwenye shule atakayosoma. Mwalimu mkuu ni mama mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Akanionyesha ukumbi usio na madirisha mahali watoto watakaa. Akanionyesha kabati la vidonge, na fomu ya mzazi kukubali mwanawe apewe vikitangazwa. Akaniambia mabasi yatatoka wapi kama watahamishwa, na mji ambako wazazi watawakuta. Nikamuuliza swali lako, Mama, neno kwa neno. Nikasema, king'ora kikilia, naweza kumkimbilia?

"Tafadhali usije," akasema. "Wazazi wote wakija na magari, barabara itaziba, na mabasi yatakwama na watoto wote ndani. Na mlango tukishaufunga hatutaufungulia mtu, hata wewe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikimchukia. Nilimchukia kweli, na nikakupa wewe haki. Nikasema, Mama ameona mbali, mtoto abaki Rongai ambapo mlango wowote unabishwa na kufunguliwa. Nikapika, sikula. Na nikiwa nimekaa pale mezani ndipo nikakumbuka kitu ambacho nyumbani kwetu hatukizungumzi.

Nisamehe kwa kukitaja. Tulikuwa bado tunaishi kule juu, karibu na Sachangwan, Baba akiwa safarini. Ile siku ya lori la mafuta. Lilipopinduka watu walishuka na mitungi, na ndoo, na masufuria, na hawakuwa watu wabaya, walikuwa majirani zetu, maisha yalikuwa magumu na mafuta yanamwagika bure. Barasa akashika mtungi wa manjano. Wewe ukafunga mlango kwa ufunguo, ukautia kifuani, ukavuta kigoda ukakaa mgongo ukiwa kwenye mbao. Barasa, kijana mzima, akapiga mlango teke kando ya kichwa chako.

"Mathe fungua! Wenzangu wote wako huko!"

"Wenzako sijawazaa mimi."

Alikuita mwoga. Alikuita maneno ambayo bado anayajutia, najua, kwa sababu aliniambia. Wewe hukusogea. Hukuwa unajua litakalotokea, ulisema tu harufu ile huipendi. Kisha likatokea, mafuta yakalipuka moto watu wakiwa wameyazunguka. Na nduru zikaanza kutoka kila upande, na wewe, Mama, wewe wa beseni, ulibaki kwenye kile kigoda ukilia kwa sauti na hukusimama. Asubuhi ulikuwa wa kwanza kwenda kwenye zile nyumba, na ulikaa huko siku nyingi ukipika na kubeba maji. Lakini ile jioni hukufungua. Barasa ana mke leo, ana watoto, anasoma picha za friji za watu kwa sababu hukufungua.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. King'ora kikilia Nafula akiwa shuleni, sitamkimbilia. Nitafunga madirisha ya wazee wangu, nitaita majina yao, na nitangoja kama walivyosema, hata kama moyo utanitoka kwa mdomo. Na yule mama mfupi atanifungia mlango, na nitamshukuru baadaye. Si kwa sababu nampenda kidogo kuliko wewe unavyompenda.

Kuna fomu nyingine walinipa pale shuleni. Siku ya dharura simu za hapa mjini hujaa na kukwama, kwa hiyo kila familia inaandika mtu mmoja aliye mbali, ambaye wote wanampigia: mtoto akifikishwa salama mwalimu anampigia huyo, mama akifikishwa salama anampigia huyo, na yeye ndiye anayeunganisha habari. Wengi huandika binamu aliye mji wa pili. Mimi niliandika jina lako. Mwalimu akaangalia namba, akauliza, "Kenya? Atapokea?" Nikamwambia hulala na simu chini ya mto. Kwa hiyo siku hiyo, Mungu aiweke mbali, mtu wa kwanza kujua Nafula yuko wapi hatakuwa mimi. Atakuwa wewe, hapo Rongai, na mimi nitakuwa nakungoja uniambie.

Kuna kitu kingine hukusema kwenye simu, lakini mimi ni mwanao. Mtoto akitoka hiyo nyumba itabaki kubwa. Hakuna wa kukutafutia miwani iliyo kichwani mwako. Hilo halina kidonge, na sina cha kukupa badala yake. Umenilelea mwanangu miaka mitano na hujaniuliza lini mwisho. Nakupenda, Mama. Kwenye simu huwa tunapitisha neno hilo haraka, basi nimeliandika ulisome polepole.

Nisalimie Barasa, na umwambie bado ni kaka yangu. Msalimie mkewe, yule mvumilivu, na watoto wao. Msalimie shangazi wa kwaya, mwambie wimbo aliotuma kwa sauti ya kukwaruza niliwachezea wazee, na mmoja akalia. Msalimie Mama Wekesa, jirani yetu. Nafula usimsomee barua hii, ila mkumbatie hadi alalamike.

Mama, siku ile uliponiuliza, kama ningesema "ndiyo, nitamkimbilia," sasa hivi nguo zake zingekuwa zimeshakunjwa kwenye sanduku. Neno moja tu, na ungeniamini. Nilinyamaza kwa sababu sitaki mwanangu aje kwangu kwa njia ya kumdanganya mama yangu. Tiketi sijanunua. Ukisema hapana sitakulaumu, ila mkataba wangu ukiisha nitafunga mizigo nirudi Rongai, maana siwezi tena kuwa mama wa kwenye simu. Ukisema ndiyo, mpeleke uwanja wa ndege wewe mwenyewe, usimtume Barasa. Mtafika mahali ambapo wasindikizaji hawapiti. Atageuka akuangalie, namjua, atageuka. Mpungie mkono na usimkimbilie. Mimi nitakuwa upande wa pili, nimesimama.

Binti yako mkaidi,
Nekesa